Vitanda Kumi na Viwili vya Mheshimiwa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeweka historia, na hata chai nilikuwa sijanywa.

Kwa atakayelisoma daftari hili nikishakuwa maarufu: mchana natengeneza mihuri ya mpira kwenye kibanda kinachotazamana na mahakama. Hiyo ni kazi ya mikono. Kazi ya akili naifanya kwenye ile ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo kila mtu anaruhusiwa kuiandika, ingawa si kila mtu kajaliwa. Huko naitwa Jicho Kali. Nina miaka mitatu huko, nimehariri mara mia nne na sita, na makala yangu kuhusu kiberiti haijafutwa mpaka leo.

Sasa nagombea ukabidhi. Mkabidhi ni mhariri aliyepewa funguo: anafuta kurasa, anawafungia wakorofi, anaamkiwa. Kura zinafungwa Jumapili ya tarehe 16. Mwaka jana niligombea nikapata sifuri, kwa sababu nilisahau kujipigia. Safari hii nahitaji kazi moja ya kuwafumba mdomo.

Kazi yenyewe nimeipata kwa kinyozi. Akaniambia, wembe ukiwa kisogoni, kwamba Mheshimiwa mbunge wetu alitangaza kuipa hospitali kuu vitanda arobaini, lakini wodini vinaonekana ishirini na vinane. Kumi na viwili viko kwenye nyumba yake ya wageni kule karibu na uwanja wa mpira. Vya chuma, vya buluu, kavichungulia dirishani kwa macho yake mawili. Niliinuka hapo hapo. Kinyozi akalalamika kwamba hajamaliza upande wa kushoto. Nikamwambia taifa haliwezi kusubiri upande wa kushoto.

Saa nne na dakika kumi nikaandika kwenye wasifu wa Mheshimiwa: "Inadaiwa kuwa vitanda kumi na viwili vya hospitali vimo katika nyumba yake ya wageni." Tazama hilo neno la kwanza. Inadaiwa. Ukishaliweka, unalala usingizi wa mtoto mchanga. Si mimi niliyesema. Inadaiwa tu, kama mvua inavyonyesha.

Nimetembea na nywele nusu siku nzima. Sikujali.

Jumanne, 4 Machi

Imefutwa. Ilidumu dakika kumi na moja.

Aliyefuta ni yule anayejiita Tanbihi. Hakuna anayejua ni nani, mwanamume au mwanamke, kijana au mzee. Kazi yake ni kuuliza chanzo. Ukiandika jua linachomoza mashariki, Tanbihi yuko mlangoni anataka tanbihi. Ameniandikia kwenye ukurasa wa majadiliano, kwa adabu inayoudhi, kwamba huu ni wasifu wa mtu aliye hai. Tuhuma isiyothibitishwa haikai hata saa moja bila chanzo cha kuaminika. Na je, inadaiwa na nani?

Nikajibu: na wananchi. Akauliza wepi. Nikarudisha sentensi yangu na kuiwekea chanzo kamili: "Kinyozi, mazungumzo ya ana kwa ana, kiti cha pili kutoka mlangoni." Ikafutwa kwa dakika nne.

Kisha akauliza swali la ajabu. Kuna mtu yeyote aliyemuuliza mtunza stoo wa hospitali? Maana aliyevipokea vitanda lazima anajua idadi yake. Nilicheka peke yangu mpaka bosi wangu, mwenye kibanda, akauliza kama gundi imenipanda kichwani. Nikamjibu Tanbihi kwamba mtunza stoo si chanzo cha kuaminika. Ni mtu wa kuhesabu mashuka.

Niweke wazi jambo moja. Mtunza stoo wa hospitali kuu ni dada yangu. Ndiye aliyenilea, na chumba cha uani ninachoishi ni cha kwake na shemeji. Miaka ishirini na miwili yuko pale stoo, funguo shingoni kwa kamba nyeupe, na amebakiza miwili astaafu. Kumuuliza kungekuwa rahisi. Lakini sheria zetu zinakataza mhariri kutegemea ndugu zake, na mimi ni mtu wa kanuni.

Jioni mezani dada alikuwa analalamika kuhusu nati na bolti. Kila siku nati na bolti. Ameandika barua, miezi minane, hakuna jibu, vitu vinashika kutu. Nikaitikia ee, ee, huku chini ya meza namjibu Tanbihi. Shemeji akasema hiki kichwa kimoja kina nywele za watu wawili.

Alhamisi, 6 Machi

Akili ni nywele, husema watu wasio na akili. Akili ni mpango. Nimepata mpango.

Tanbihi anataka gazeti. Basi atapata gazeti. Leo mchana alikuja kibandani mwandishi wa lile gazeti la kila wiki, anataka muhuri wa kamati yao ya mazishi. Wakati mpira unakauka nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama ameona yanayoandikwa mtandaoni kuhusu vitanda. Akasema hajaona. Nikairudisha sentensi yangu, nikamgeuzia simu. Akatoa macho. Akauliza ni kweli? Nikamwambia imo ndani ya ensaiklopidia, na ensaiklopidia haiandiki ovyo. Alipiga picha ya ukurasa akaondoka bila muhuri wake.

Tanbihi aliifuta baada ya dakika tisa. Amechelewa. Picha ilikwishapigwa.

Bosi anasema leo nimekosea herufi kwenye mihuri miwili ya shule. Yeye haoni mbali.

Jumamosi, 8 Machi

Ukurasa wa kwanza. Herufi nyekundu, kubwa kama viatu: VITANDA KUMI NA VIWILI VIKO WAPI? Ndani: "Kwa mujibu wa taarifa zilizopo mtandaoni, inadaiwa kuwa..." Ni maneno yangu. Yamekaa pale yamevaa suti.

Nimenunua nakala sita. Saa tatu asubuhi nimeirudisha sentensi kwenye wasifu, nyuma yake tanbihi ya kupendeza: jina la gazeti, tarehe, ukurasa wa kwanza. Nikakunja mikono, nikasubiri. Nusu saa. Saa nzima. Tanbihi kimya. Nilijisikia mrefu.

Nimejitengenezea muhuri kwa mabaki ya mpira, wakati bosi ameenda kula: JICHO KALI, MKABIDHI. Umetoka safi, hauna hata doa. Nimeujaribu kwenye daftari hili, kwenye mfuko wa unga, na kwenye kikombe changu cha bati cha buluu. Pale kwenye kikombe umekaa vizuri kuliko kote.

Dada amelisoma gazeti akiwa amesimama, akalikunja, akaingia ndani. Hakula. Nadhani ni joto.

Jumatatu, 10 Machi

Jambo dogo limetokea.

Dada amesimamishwa kazi. Mganga mkuu alimwita saa mbili, akamwambia gazeti limesema vitanda havipo, na sahihi ya kupokea arobaini ni ya kwake, kwa hiyo aweke funguo mezani apishe uchunguzi. Ameniambia mwenyewe, amekaa kwenye kigoda, mkono unapapasa shingoni mahali kamba ilipokuwa. Alisema wauguzi waligeuza nyuso alipokuwa anatoka. Alisema hata mlinzi wa getini, ambaye yeye mwenyewe amempikia uji miaka yote hii, alimkagua mkoba. Kisha akalia. Sijamwona dada akilia tangu msiba wa mama.

Mimi nilisimama pale nimeshika kikombe. Nilijisikia vibaya sana, nikiri. Karibu niseme. Mdomo ulifunguka kabisa. Halafu nikafikiri: nikisema sasa, kura zitaharibika, na nikishindwa ukabidhi nitamsaidiaje? Nikiwa mkabidhi nitaweza kulishughulikia jambo hili kwa mamlaka. Ni kwa ajili yake. Nikafunga mdomo, nikamletea maji.

Shemeji amekaa mlangoni ameshika tama. Amesema angempata huyo aliyeanzisha maneno haya mtandaoni angemfunga kwenye kitanda cha kumi na tatu. Nikamwambia ana haki ya kukasirika.

Jumanne, 11 Machi

Sikulala vizuri, lakini nimeamka na suluhisho.

Kosa halikuwa neno "inadaiwa". Kosa ni kwamba lilikuwa peke yake. Sentensi moja yenye "inadaiwa" katikati ya sentensi thelathini zisizo nayo inaonekana kama kidole kinachonyooshwa. Likiwa kila mahali, hakuna atakayejali. Haki sawa kwa sentensi zote. Dada atapumua.

Nimefanya kazi hiyo wakati wa chakula cha mchana, bila kula. Sasa wasifu wa Mheshimiwa unasomeka hivi: inadaiwa kuwa alizaliwa. Inadaiwa kuwa alisoma shule ya msingi. Inadaiwa kuwa ni mbunge. Inadaiwa kuwa ana mke mmoja. Inadaiwa kuwa ni baba wa watoto wanne.

Nimesoma yote kuanzia juu mpaka chini. Sijawahi kuona makala isiyo na upendeleo kama ile. Naona fahari.

Alhamisi, 13 Machi

Wamenifungia. Siku tatu siruhusiwi kuhariri. Tanbihi aliomba, mkabidhi mmoja akatekeleza. Sababu: "usumbufu kwenye wasifu wa mtu aliye hai, na kutumia gazeti lililonukuu maneno ya Jicho Kali mwenyewe kuwa chanzo cha maneno hayo hayo." Sikuelewa shida iko wapi. Ningemnukuu nani, mtu nisiyemjua?

Hata hivyo nimelipokea kwa kichwa juu. Watu wadogo hawafungiwi.

Mchana alikuja mteja kibandani, mama mmoja wa makamo, amevaa vizuri, anataka muhuri wa kikundi cha akina mama. Nikampimia. Akaanza kuzungumza mwenyewe, kama wanavyofanya wateja mpira unapokatwa. Kumbe ni mke wa Mheshimiwa. Akasema ya vitanda ameyazoea, siasa ina matope yake, mumewe atajitetea na mikutano ipo. Lakini kuna mwendawazimu mmoja anaitwa Jicho Kali ameandika kwamba watoto wake wanadaiwa tu kuwa wa baba yao. Mdogo wao, wa darasa la nne, amesomewa hayo na wenzake shuleni. Amerudi nyumbani amemuuliza baba yake kama wanafanana masikio kweli au ni maneno ya watu.

Nikasema, lo, dunia hii ina watu. Akauliza mimi ningemfanya nini mtu kama huyo. Nikasema ningemsamehe, huenda alikuwa na nia njema. Akanitazama. Nikamfungia muhuri wake kwenye karatasi, nikamzawadia wino.

Alipoondoka nilikuta nimekaa juu ya nakala zangu sita za gazeti. Sijui nilikaa saa ngapi.

Ijumaa, 14 Machi

Tanbihi amefanya jambo la kitoto. Amepiga simu.

Ameandika yote kwenye ukurasa wa majadiliano, hatua kwa hatua. Alimpigia mhariri mkuu wa gazeti, akamuuliza habari ya vitanda imetoka wapi. Mhariri akamuuliza mwandishi. Mwandishi akasema ensaiklopidia. Mhariri akafungua ensaiklopidia kuona imetoa wapi, akakuta imetoa kwenye gazeti lake. Hapo hapo akamwambia mwandishi avae viatu aende hospitali akaangalie kwa macho.

Nimeshangaa. Miaka mitatu kwenye fani hii sijawahi kufikiria kumpigia mtu simu. Naona ni kama kudanganya kwenye mtihani.

Jumamosi, 15 Machi

Vitanda vimepatikana. Havikuwa vimepotea.

Mwandishi alipofika hospitali hakuna aliyejua chochote, maana anayejua alikuwa amesimamishwa. Ikabidi wamwite dada kutoka nyumbani. Akaenda na kanga yake ya mekoni, hakubadilisha nguo, akawapeleka moja kwa moja kwenye jengo la dobi la zamani nyuma ya jiko. Kufuli lilikuwa na kutu. Ndani, vitanda kumi na viwili vya buluu, vimeegemezwa ukutani, miguu imefungwa pembeni kwa kamba. Vilikuja bila nati na bolti. Juu ya kila kimoja kuna karatasi kwa mwandiko wa dada: tarehe ya kupokea, na tarehe za barua tano alizoandika kuomba nati. Vya nyumba ya wageni vilinunuliwa kwa fundi yule yule aliyetengeneza vya hospitali, ndiyo maana rangi ni moja.

Gazeti la leo limesahihisha. Ukurasa wa tatu, chini, pembeni mwa tangazo la magodoro. Humo wameandika kwamba uvumi ulianzishwa mtandaoni na mtu anayejiita Jicho Kali.

Dada alisoma hapo mezani. Akaweka gazeti chini. Akakitazama kikombe changu. Nacho kilikuwa kimeelekea kwake, maandishi yote mbele, safi, hayana hata doa.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alisema kwamba habari ya nati aliniambia Jumanne ya wiki iliyopita, pale pale mezani. Na kabla ya hapo aliniambia mwezi wa pili, na mwezi wa kwanza. Alisema kusimamishwa kazi kulimuuma, lakini kilichomuuma zaidi ni hiki: amekuwa akizungumza na mimi miezi minane, na mimi nilikwenda kumsikiliza kinyozi. Kisha akainuka akaenda kuanua nguo. Shemeji alinitazama mpaka nikamaliza wali, na nilimaliza taratibu sana.

Baadaye nilimfuata uani nikamshikia kapu la nguo. Nikasema nisamehe dada. Akasema nikunje mashuka. Nikayakunja yote, na niliyahesabu: yalikuwa manne.

Jumapili, 16 Machi

Kura zimefungwa. Walionikataa kumi na saba. Aliyenikubali mmoja.

Tuelewane vizuri. Mwaka jana sifuri, mwaka huu moja. Sijui mgombea mwingine ambaye kura zake zimepanda hivyo. Muhuri nimeuhifadhi kwenye kopo, usikauke.

Tanbihi ameandika upya kile kipande cha vitanda kwenye wasifu wa Mheshimiwa. Maneno machache: gazeti liliripoti, halikuwa na ushahidi, vitanda vilikutwa hospitali, gazeti likasahihisha. Hakuna "inadaiwa" hata moja. Kisha chini yake, kwenye majadiliano, akauliza kama kipande chenyewe kinastahili kubaki, kwa kuwa mtu hapaswi kubeba maisha yake yote jambo ambalo halikuwepo. Kabla ya jioni wote wakakubaliana, wakakiondoa. Kazi yote ile, halafu unafuta. Huyu mtu hajui kujivunia.

Jumamosi, 29 Machi

Furaha nyumbani!

Dada alirudishwa kazini wiki iliyopita. Mganga mkuu alimvisha funguo mbele ya watu. Nati zimeletwa ndani ya siku mbili, barua tano zilishindwa lakini aibu imeweza, na vitanda vyote kumi na viwili vina wagonjwa. Mlinzi wa getini alimwomba radhi akiwa ameshika kofia. Wauguzi nao hawakuishia hapo. Wamemwambia kwamba mwanamke anayeandika barua tano kuhusu nati ndiye anayefaa baraza la mji, na kiti cha kata yetu kiko wazi. Alikataa, akakataa tena, na jana akachukua fomu. Shemeji anatembea mtaani kifua mbele kama yeye ndiye mgombea.

Nilifikiri nimpe zawadi gani. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa maandishi ya kwenye maboksi ya dawa. Nikaona zawadi ni moja tu. Dada sasa ni mwanasiasa, na mwanasiasa anastahili wasifu kwenye ensaiklopidia. Kifungo changu kimekwisha. Nimeandika tangu asubuhi kibandani, bosi akiniita sisikii.

Umetoka mzuri mno. Miaka ishirini na miwili, funguo, kamba nyeupe, barua zote tano. Nilipousoma tena machozi yalinilenga. Nikaona pia hatari. Watu wakigundua mwandishi ni mdogo wake watasema nampendelea, na Tanbihi atafika na kanuni zake. Kwa hiyo nimeweka na upande wa pili, ili usawa uwepo. Sehemu mpya, kichwa chake kwa herufi nene: Tuhuma. Inadaiwa kuwa aliwahi kuhusishwa na upotevu wa vitanda kumi na viwili vya hospitali.

Na safari hii siwezi kulaumiwa, chanzo ninacho: gazeti, tarehe 8 Machi, ukurasa wa kwanza. Bado nina nakala sita. Yale masahihisho ya ukurasa wa tatu sikuyaweka, maandishi yake ni madogo sana.

Nimeagiza chai mbili. Dada akitoka kazini atapitia hapa kibandani, nimuonyeshe mwenyewe.